Skii ya majini imepasuka, imevimba au imekuwa nzito: tafuta chanzo kabla hujanunua resini

Hapa Tanga skii za majini, vile vibao vya kusimamia huku boti ikikuvuta kwa kamba, ni chache, na ukiivunja yako hakuna duka la kukimbilia. Zinaishia kwa sisi mafundi wa boti za faiba, na neno la mwenye nayo huwa ni lile lile: "Fundi, nipigie puti hapo tu, jioni naitaka." Puti ataipata, ila si jioni, na mara nyingi si hapo anaponyooshea kidole. Ufa unaoonekana juu ni alama tu. Kinachoua skii ni maji yaliyokwisha kuingia ndani, na yalipopitia panaweza kuwa mbali kabisa na ufa wenyewe.

Skii nyingi za kisasa zina kiini cha povu gumu, aghalabu poliyurithani, kilichofunikwa juu na chini kwa tabaka za faiba. Zile za bei kali zina kaboni pia. Tabaka hizo hushikishwa kwa epoksi, resini ya sehemu mbili zinazochanganywa ikawa gundi. Ganda lenyewe ni jembamba, milimita moja au mbili hivi, kwa hiyo usidhani nguvu iko kwenye ganda peke yake. Nguvu inatokana na ganda la juu na la chini kushikamana na kiini. Vikiachana, hata bila ufa wowote, skii imelegea.

Ipime kwanza

Chukua sarafu ya shilingi mia, uigonge skii taratibu kuanzia ncha hadi mkia, kila upana wa vidole viwili, juu na chini. Palipo pazima panalia kwa ukali: ko, ko, ko. Palipoachana panatoa sauti bubu. Kila sauti inapobadilika, weka alama ya penseli. Usishangae ufa ukiwa na urefu wa kidole na alama zako zikizunguka eneo la kiganja kizima. Eneo hilo ndilo kazi yako.

Kisha uzito. Kama ni pea, ning'iniza kila moja kwenye mzani wa ndoano, ule wanaopimia samaki pale Deep Sea unatosha kabisa. Zikitofautiana kiasi cha mkono kuhisi, ile nzito imekunywa maji. Skii ya peke yake, ile unayovaa miguu yote miwili mmoja mbele ya mwingine, haina mwenzake wa kulinganisha, basi andika uzito wake wa leo, utakuja kuuhitaji inapokauka.

La tatu ni kutafuta maji yalipoingilia. Iache skii kivulini hadi ipoe, paka maji mazito ya sabuni kwenye ufa, kwenye kingo zote, kuzunguka kila skrubu ya kiatu na kuzunguka pezi la chini mkiani, halafu itoe juani. Hewa ya ndani ikipata joto hutanuka na kutafuta pa kutokea, na hapo sabuni itafanya mapovu. Dakika chache zinatosha, kisha irudishe kivulini. Mara nyingi mapovu utayaona kwenye matundu ya skrubu, wakati mwenye skii anang'ang'ania mkwaruzo wa mbele.

Imekuwa nzito, au inadondosha maji ukiisimamisha

Usizibe kitu. Ukiziba sasa umeyafungia maji ndani, na kila ikipata jua yatakuwa yanasukuma ganda kutoka ndani kwenda nje.

Fungua viatu na pezi, lakini kabla ya kulegeza skrubu ya pezi chora mstari wa penseli kulifuata, sababu nitaieleza mbele. Toboa kwa keekee ya milimita 3 kwenye zile alama zako, ganda la upande mmoja tu, ukiingia kwenye kiini bila kutokea upande wa pili. Pitisha maji baridi yasiyo na chumvi kwenye matundu. Najua inaonekana ni wazimu kuongeza maji kwenye kitu unachotaka kikauke, ila chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu wa hewani, na skii yenye chumvi haikauki hata ukiisubiri mwaka. Baada ya hapo ining'inize matundu yakiangalia chini, kivulini penye upepo.

Miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, kazi hii huenda vizuri. Masika ni balaa. Hewa yenyewe imejaa maji, na utahitaji chumba kilichofungwa chenye feni, na balbu ya kupasha joto kidogo. Pima uzito kila baada ya siku mbili tatu. Unaposhuka, bado kuna maji. Ukigota pale pale kwa wiki nzima, endelea na hatua inayofuata.

Wapo wasioweza kusubiri, wanailaza juu ya bati saa saba mchana. Kaboni nyeusi juani inapata joto la kukuunguza kiganja, epoksi iliyokaushwa kwa joto la kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60, na mvuke ulioko ndani unainua ganda. Alileta ufa, sasa ana uvimbe pia.

Nyufa nyembamba kwenye rangi

Tazama zimekaa vipi. Zikiwa zimetawanyika kutoka sehemu moja, skii iligonga kitu: jiwe, ukingo wa boti, tumbawe lililoachwa wazi maji ya bamvua yalipokupwa. Kwangua rangi kidogo kwa ncha ya kisu. Chini yake faiba ikiwa safi na sauti ya sarafu ni kali, ni jeraha la rangi tu. Piga msasa namba 120, paka epoksi nyembamba, basi.

Zikiwa zimelala kukata upana wa skii, hasa mbele kidogo ya kiatu cha mbele, hizo zimetokana na kupinda. Hapo ndipo mzigo wa mtu na mvuto wa kamba hukutana. Bonyeza skii kwa goti ikiwa imelala juu ya vipande viwili vya mbao, uangalie: ufa ukifunguka na kufumba, nyuzi zimekatika. Rangi haitasaidia, na kiraka kifupi kitaharibu zaidi kwa sababu pale kinapoishia ndipo skii itakapovunjikia. Kiraka lazima kiwe kirefu na kiishie kwa wembamba. Kipimo cha mafundi ni 1 kwa 12: ganda la milimita 2 linachongwa kwa mteremko wa milimita 24 kila upande wa ufa, kisha vitambaa vinapangwa cha kwanza kidogo, kinachofuata kikubwa zaidi, hadi kujaza mteremko.

Mkia au ncha imefunguka

Chanzo ni kuisimamisha skii kwa mkia wake kwenye sakafu ya saruji, au kuachia kamba mahali penye kina kifupi. Hii ndiyo hitilafu ninayoipenda, kwa sababu inatengenezeka vizuri nyumbani.

Panua mdomo taratibu kwa kabari za mbao, usilazimishe zaidi ya pale palipokwisha kuachana. Osha kwa maji baridi, kausha kwa utaratibu ule ule wa juu. Kunja msasa namba 80, uuingize ndani usugue pande zote mbili hadi mng'ao wote uondoke, kwa kuwa epoksi mpya haiungani kikemia na ile ya zamani iliyokwisha kukauka. Inashikilia mikwaruzo tu, na uso unaong'aa hauna pa kushikilia. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe, rudia hadi kitambaa kitoke safi.

Changanya epoksi, vuta kwa bomba la sindano la duka la dawa bila sindano yake, jaza kuanzia ndani kabisa ukirudi nje. Toa kabari. Zungushia karatasi ya nailoni, kisha funga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyokatwa ukanda mrefu. Mpira unabana sawasawa kila mahali, hata kwenye mkunjo wa ncha ambapo jiliwa halikai. Usibane hadi epoksi yote itoke. Ikichungulia kidogo ukingoni, acha hapo hapo.

Kesho yake, unapopiga msasa, kuwa mwangalifu na kingo za chini za mkiani. Kingo hizo zinatakiwa ziwe kali ili maji yaachane na skii. Ukizizungusha ziwe laini mkononi, maji yatajikunja kupanda ubavuni, na skii iliyokuwa inakata vizuri itaanza kuzama mkia. Tumia msasa uliofungwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, kamwe si kiganja.

Skrubu ya kiatu inazunguka tu

Ichomoe uitazame meno yake kwa karibu. Vumbi la kijani ni nati ya shaba iliyozikwa kwenye skii, inaliwa. Unga mweupe ni alumini ya sahani ya kiatu ikiliwa na chumvi pale inapogusana na skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Ukikuta vipande vya nyuzi za faiba vimejisokota kwenye meno, nati yenyewe imeng'oka na inazunguka pamoja na skrubu.

Wengi hapa hutafuta skrubu ndefu zaidi, au ya mbao. Usifanye hivyo. Skrubu ndefu inatokea chini ya skii au inalipasua ganda kutoka ndani, na ile ya mbao ndani ya povu haishiki kitu. Halafu fikiria huyo anayevaa: kiatu kimoja kikichomoka na kingine kikabaki, skii inakuwa wenzo unaousokota mguu wake. Goti linakwenda hapo.

Njia ni hii. Toa nati, safisha shimo, lipanue kidogo hadi ufike kwenye povu kavu na zima. Changanya epoksi na nyuzi za faiba zilizokatwakatwa hadi iwe nzito isiyodondoka. Paka skrubu nta ya mshumaa, ifunge kwenye nati, ziba chini ya nati kwa kipande cha selotepu ili epoksi isipande kwenye meno, kisha izike. Weka sahani ya kiatu juu yake ikiwa na skrubu zote nyingine, ndiyo itakayoinyoosha nati ikae sawa. Chini ya sahani weka nailoni. Acha siku kadhaa, kisha kaza kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya kukazia skrubu ndiyo iliyoleta tatizo hili, irudishe kwa fundi makabati.

Uvimbe

Uvimbe wa ukubwa wa sarafu: toboa matundu mawili madogo pembeni mwake, ingiza epoksi kwa bomba tundu la kwanza hadi itokee la pili, weka nailoni, juu yake mfuko wa mchanga. Uvimbe wa ukubwa wa kiganja na zaidi, uliopo chini ya miguu, maana yake kiini kimeachana na ganda eneo kubwa. Unaweza kulifungua ganda, kukwangua na kujenga upya, lakini gharama ya epoksi na kitambaa itakaribia bei ya skii nyingine ya mkono wa pili.

Resini inanata, haikauki, au kopo limetoa moshi

Hapa ndipo kazi za nyumbani zinapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Resini waliyoizoea mafundi wa boti ni polista. Ni nafuu, inakauka upesi, na kwa boti ya polista haina kasoro. Lakini polista haishiki vizuri juu ya epoksi. Itakauka, itang'aa, utafurahi, na siku unayoingia baharini itabanduka kipande kizima. Kinyume chake hakina shida, epoksi inashika juu ya polista. Kwa hiyo kama hujui skii yako imejengwa kwa nini, nunua epoksi tu. Tena polista ina staireni ndani yake, na staireni inayeyusha povu jeupe la kufungashia friji na televisheni. Kama kiini chako ni cha aina hiyo utamimina resini ukute shimo. Jaribu tone moja kwenye punje ya kiini kwanza.

Hata mkeka wa faiba uangalie. Ule wa nyuzi zilizotawanywa bila kufumwa mara nyingi umegundishwa kwa kitu kinachoyeyuka ndani ya staireni. Kwenye epoksi hauyeyuki, unabaki mgumu na mweupe katikati. Tafuta kitambaa kilichofumwa.

Sasa kunata. Epoksi ikinata baada ya siku mbili, vipimo vilikosewa. Fundi aliyezoea polista anajua hadina, ile dawa inayochanganywa na resini ili ikauke, ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito, na siku ya mawingu anaongeza kidogo ikauke haraka. Akiihamishia tabia hiyo kwenye epoksi ameharibu, kwa sababu hadina ya epoksi si kichocheo, ni sehemu ya gundi yenyewe. Ikiandikwa 2 kwa 1 au 5 kwa 1 ni hivyo hivyo, na usome kama ni kwa uzito au kwa ujazo. Ikizidi, iliyozidi haina wa kuungana naye, inabaki laini daima. Hakuna dawa ya kupaka juu. Kwangua yote, futa kwa asetoni, anza upya.

Epoksi ikiwa ngumu lakini uso una utelezi wa mafuta, huo ni utando unaotokana na unyevu wa hewa, na kwa Tanga utauona sana. Osha kwa maji na sponji, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza utando, na tabaka linalofuata halitashika. Polista nayo uso wake hunata kwa sababu hewa inaizuia kukauka, hivyo tabaka la mwisho huwekwa nta ndani yake au hufunikwa na nailoni.

Moshi ni habari ya joto. Resini na hadina vikikutana vinatoa joto, na ndani ya kopo refu joto hilo halina pa kwenda. Kila nyuzi joto 10 zinapoongezeka, muda wa kufanyia kazi unapungua karibu nusu, kwa hiyo epoksi iliyoandikwa dakika 30 kwenye nyuzi 20 itakupa kama dakika 15 kwenye nyuzi 30, na mchana wa Januari hapa tunapita 30. Fanya kazi alfajiri, changanya kidogo kidogo, mimina kwenye sahani pana. Kopo likianza kuchemka, liweke nje juu ya mchanga, kaa mbali na moshi wake.

Hadina ya polista ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, na ikitokea, osha kwa maji mengi papo hapo, angalau dakika 15, kisha hospitali. Usiichanganye moja kwa moja na kobalti, ile dawa ya kuharakisha polista, vinalipuka. Vumbi la faiba nalo si la kuvuta: barakoa, glavu, na msasa wa maji.

Skii inavuta upande mmoja

Angalia pezi kabla ya kulaumu kiraka. Pezi la alumini likipinda kidogo tu skii inavuta, na likirudishwa milimita moja mbele au nyuma ya lilipokuwa, mpandaji anaijua tofauti. Ndiyo maana ya ule mstari wa penseli. Linyooshe kati ya vipande viwili vya mbao ngumu kwa jiliwa, usilipige nyundo.

Skii ya mbao

Hii kazi yake ni ya seremala zaidi kuliko yangu. Mbao ikinywa maji chini ya vanishi inageuka nyeusi kuzunguka skrubu. Kwangua vanishi yote, kausha kivulini polepole isije ikapasuka, ziba matundu kwa vijiti na epoksi, paka vanishi upya ukikumbuka ndani ya matundu mapya ya skrubu. Ncha ikinyooka, inakunjika tena, maadamu skii ni ya ubao mmoja usiogundishwa. Ralph Samuelson, yule kijana wa Minnesota, Marekani, aliyeteleza majini kwenye Ziwa Pepin mwaka 1922, alitumia mbao za msonobari alizozilainisha ncha kwa maji ya moto kisha akazibana zikae mkunjo. Maji yachemke, ncha iloe sana, na ibaki imebanwa kwenye kalibu hadi ikauke kabisa.

Skii ya kukataa

Ganda likiwa limekatika juu na chini mahali pamoja, au sauti bubu ikienea kutoka kiatu cha mbele hadi cha nyuma, mimi huirudisha. Kijana mmoja wa Sahare hakukubali. "Shikamoo fundi, we ibandike tu, mpandaji ni mwepesi." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia boti haijui uzito wa mtu, inavuta tu. Fungua viatu, pezi, sahani na skrubu nzima, zitunze kwa ajili ya skii nyingine. Ubao wenyewe ukate vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuutupa, kwa maana ukiuacha mzima nyuma ya nyumba, kuna mtu atauokota, atapaka rangi na kuuza.